Maji ya mchangani: waja leo, waondoka leo

Jirani yangu wa Mwambani, mama wa makamo ambaye mtaa mzima tunamwita Shangazi, ana matuta manane ya mchicha na matembele nyuma ya nyumba. Kila jioni, jua likishapoa, hushika keni yake na kuyapitia moja baada ya jingine. Humwaga kiasi cha kuubadilisha mchanga rangi, basi. Kesho yake saa sita mchana mchanga umeshakuwa mweupe tena kama haujawahi kuonja maji. Siku moja nilimsikia akisema, bila kumlenga mtu, "Udongo wa huku hauna shukrani."

Watu wa Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake na mimi sitaki ugomvi wa barazani. Ila kwa maji ya Shangazi tafsiri ni moja.

Nadhani udongo wa Shangazi unasingiziwa. Jinsi maji yanavyosafiri ndani ya udongo na yanavyoondoka juu yake kama mvuke ni hesabu iliyoanza kufanywa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na leo simu ya kawaida inaweza kuikokotoa. Kinachotunyima faida yake ni kitu kidogo mno, nitakifikia. Kwanza nieleze kwa nini Shangazi anapoteza maji, maana wengi wetu tunayapoteza kama yeye.

Tazama mtungi. Bado kuna nyumba za pwani zenye mtungi kwenye kona ya ukumbi, umekalishwa juu ya mchanga wenye unyevu, na kata yake pembeni. Maji yake ni ya baridi bila umeme wa mtu yeyote. Yanapenya polepole ukuta wa udongo kupitia vitundu visivyoonekana, yanatokeza nje, yanageuka mvuke, na kila gramu inayoondoka hivyo inabeba joto la kutosha kupoza zaidi ya gramu 100 za maji yaliyobaki kwa nyuzi 5. Ukiupaka mtungi rangi ya mafuta, umeua kazi yake. Ukiufungia mahali pasipo upepo, utatoa jasho lisilokauka, na maji yatabaki vuguvugu. Kwa hiyo kuna pande mbili zinazovutana: hewa, inayotaka maji kwa kadiri ya jua, upepo na ukavu wake, na udongo, unaoyaleta kwa kadiri vitundu vyake vinavyoruhusu. Anayeshindwa kwenda na mwenzake ndiye anayeamua kasi. Shambani mambo ni hayohayo.

Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyehusika na maji ya mji wa Dijon, alichapisha vipimo vya maji yaliyopitishwa kwenye bomba la wima lililojaa mchanga. Aliona kwamba kasi ya maji inalingana na tofauti ya msukumo kati ya juu na chini, na kila mchanga una kiwango chake cha kupitisha. Kanuni safi, na inatumika hadi leo kwa visima. Lakini mchanga wa Darcy ulikuwa umejaa maji pomoni. Shamba hujaa pomoni kwa saa chache tu baada ya mvua kubwa. Siku nyingine zote vitundu vina maji na hewa vimechanganyika, na maji hayaendi chini kwa uzito wake peke yake. Yanavutwa pia, hata kwenda juu, kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Kitundu chenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya milimita hupandisha maji kama sentimita 15. Kikiwa chembamba mara kumi zaidi, hupandisha mita moja na nusu.

(Ndiyo maana wale wanaojaza kokoto chini ya kopo la maua "ili maji yatoke vizuri" wanajidanganya. Udongo wa juu, wenye vitundu vyembamba, hauachii maji yaingie kwenye nafasi kubwa za kokoto mpaka umelowa chepechepe. Kokoto zinapandisha tope karibu zaidi na mizizi. Nimeshindwa kuwashawishi hata nyumbani kwangu.)

Aliyeliona hili la mvuto kwa jicho la fizikia ni Edgar Buckingham, Mmarekani, katika chapisho la mwaka 1907 lililotoka kwenye ofisi ya udongo ya wizara ya kilimo ya Marekani. Alisema uwezo wa udongo kupitisha maji haukai namba moja. Unashuka kadiri udongo unavyokauka. Na unashuka kwa kishindo, mara elfu, hata mara laki na zaidi. Mwaka 1931 Mmarekani mwingine, Lorenzo Richards, aliunganisha wazo hilo na sheria ambayo hata muuza duka anaijua: kilichoingia ukikitoa kilichotoka, kinachobaki ni akiba. Mlinganyo wake ndio uliomo ndani ya programu nyingi kubwa zinazokokotoa maji ya udongo hadi leo.

Hapa kuna jambo ambalo watu hulikataa wakilisikia mara ya kwanza. Mchanga uliolowa hupitisha maji kuliko udongo wa mfinyanzi, hilo kila mtu analijua. Lakini vyote viwili vikikauka, mfinyanzi huupita mchanga. Sababu ni kwamba vitundu vikubwa hukimbiwa na maji kwanza, na mchanga una vikubwa tupu. Vikishabaki na hewa, njia ya maji imekatika, kama daraja lililobebwa na mafuriko: huku kuna watu, kule kuna watu, hakuna wa kuvuka. Mfinyanzi una vichochoro vyembamba vinavyoshikilia maji hadi mwisho, kwa hiyo unaendelea kuyapitisha, kidogo kidogo, kwa muda mrefu.

Buckingham alikwenda mbali zaidi. Aliweka safu za udongo na kuzipima zikipoteza maji, nyingine katika hali ya hewa kavu na nyingine katika hali ya unyevu. Ungetarajia zilizokaa kwenye ukavu zipoteze zaidi. Mwanzoni zilipoteza zaidi. Kisha zikasimama karibu kabisa, na kadiri siku zilivyopita zile za kwenye unyevu zikazipita. Ukavu ulikausha uso wa udongo haraka kiasi kwamba maji ya chini yalikosa njia ya kupandia. Jua kali, kwa ukali wake lenyewe, liliufungia udongo mlango.

Sasa rudi Mwambani mwezi wa Februari, kaskazi inavuma na jua halina haya. Ule mchanga mweupe wa saa sita ambao Shangazi anauita utovu wa shukrani ni mlango uliofungwa. Ungechimba kwa vidole kina cha kiganja ungekuta baridi, na mizizi iko hukohuko. Jioni inafika, Shangazi anachukua keni, na mlango unafunguliwa tena.

Namba zinasema wazi zaidi. Mwaka 1972 mtafiti wa Marekani aitwaye Ritchie aliandika modeli nyepesi ya uvukizaji yenye awamu mbili, na bado inatumika kwa sababu haihitaji kompyuta. Awamu ya kwanza, udongo umelowa na unatoa kila ambacho jua linataka. Awamu ya pili, udongo umechoka kuleta, na jumla ya kinachotoka hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya siku. Kwa mchanga mmoja aliopima, awamu ya kwanza ilikwisha baada ya milimita 6 hivi, na awamu ya pili ilitoa kama milimita 3.3 zikizidishwa kwa kipeuo cha siku. Yaani siku ya kwanza ya awamu hiyo 3.3, ya pili 1.4, ya tatu 1.0, ya nne 0.9. Maji yanakwenda yakikata tamaa.

Tuta la Shangazi lina upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo lita 18, ndoo moja kasoro kidogo, ni milimita 6. Mchana mmoja wa kaskazi unaweza kabisa kuondoa milimita 5 au 6 kwenye mchanga uliolowa na usiofunikwa. Akimwaga 6 kila jioni kwa siku nne, amemwaga 24, na sehemu iliyo wazi kati ya mimea inaweza kuzirudisha zote hewani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kibaba kinachojazwa ni cha mawingu. Akizimwaga 24 zote jioni moja kisha akaacha siku nne, zinaondoka 6 za siku ya kwanza, kisha 3.3, 1.4 na 1.0. Jumla 11.7. Nusu ya maji imebaki chini. Kwa matuta manane hiyo ni karibu ndoo 15 kila baada ya siku nne, na Shangazi huchota kisimani kwa mkono.

Modeli inayosema ukweli husema pia inapokoma. Hesabu hiyo ni ya udongo ulio wazi. Mchicha ukishatanda na kufunika nusu ya tuta, hasara hupungua na faida ya kusubiri hupungua nayo. Pia haifai kwa miche. Mche wa wiki moja una mizizi ya urefu wa kidole, na maji yaliyo kina cha kiganja kwake ni maji ya nchi nyingine. Halafu kuna hatari ya upande wa pili. Mchanga hushika maji yanayofaa mimea kiasi cha milimita 5 hadi 11 tu kwa kila sentimita 10 za kina. Milimita 24 zitashuka sentimita 30 hivi, au karibu nusu mita mchanga ukiwa hafifu. Mtu akisikia "mwagilia mara chache kwa wingi" akamwaga milimita 60, maji yatapita chini ya mizizi yakielekea kisimani, na mbolea ya dukani imeyasindikiza. Udongo una tundu juu na tundu chini. Ukiziba moja bila kuliangalia la pili, umefanya kazi nusu.

Matandazo je? Kila semina ya kilimo huyasifu, na mimi nayasifu kwa mipaka. Matandazo hupunguza kasi ya awamu ya kwanza kwa kuukinga udongo na jua na upepo. Lakini udongo uliokingwa hukaa umelowa muda mrefu zaidi na huendelea kutoa polepole, wakati ule wa wazi ulishajifunga. Kwenye ukame mrefu usio na tone, tofauti ya jumla kati yao huwa inapungua siku hadi siku. Faida kubwa ya matandazo iko kwa anayelowesha mara kwa mara, kama Shangazi, na kwenye masika yenye mvua za kukatikakatika. Na hapa Tanga hatuna uhaba wake. Makuti makavu yapo. Mabaki ya mkonge yapo, maana nyuzi ni sehemu ndogo tu ya jani, chache kati ya mia, na mengine yote hutupwa nje ya korona. (Wageni hushtuka wakisikia tunasema tunakwenda korona. Sisi tuliliita hivyo jengo la kuchakata mkonge miaka mingi kabla ya ugonjwa.)

Kitu kingine ambacho keni ya kila jioni hukifanya kimyakimya ni chumvi. Mvuke huondoka mtupu. Kila kilichoyeyuka kwenye maji hubaki. Wenye mashamba ya chumvi kwenye ukanda wetu wa pwani wanaishi kwa kanuni hiyo: maji ya bahari yasiyo na kina, jua, upepo, subira. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Chukua maji yenye gramu 1 ya chumvi kwa lita, ambayo mdomoni yanavumilika. Milimita 6 kila siku ni gramu 6 kwa mita ya mraba kwa siku, gramu 180 kwa mwezi, na kwa kuwa maji hayafiki chini, chumvi nayo inabaki juu pale miche inapoota. Masika ikija vizuri huiosha na kuipeleka chini. Masika ikisuasua, bustani inakuwa shamba la chumvi bila mwenyewe kuomba leseni.

Hadi hapa nimezungumzia mchanga. Panda daladala la Muheza, kama kilomita 35, na kila kitu kinabadilika, pamoja na imani yangu kwa modeli zilizotengenezwa kwingine.

Udongo mwekundu unaoanza njiani na kupanda hadi Amani, kwenye Usambara ya Mashariki, ukiutia mkononi na kuulowesha utaukunja kama kinyunya. Ni mfinyanzi, mtu yeyote atakuambia. Ukiingiza neno "mfinyanzi" kwenye programu, itakupa tabia za mfinyanzi: maji yanaingia kwa shida, yanashikwa kwa wingi, yanatoka polepole. Namba hizo kwa sehemu kubwa zilitokana na vipimo vya udongo wa Marekani na Ulaya. Lakini udongo mwekundu wa kitropiki, uliozeeka kwa mvua za maelfu na maelfu ya miaka, una oksidi za chuma zinazogandisha chembe za mfinyanzi kuwa vipunje vidogo vigumu. Kati ya kipunje na kipunje maji hupita kama kwenye mchanga. Ndani ya kipunje yanabanwa kiasi kwamba mzizi hauwezi kuyanyonya. Kwa hiyo udongo huo unaweza kumeza mvua kubwa bila kutuamisha maji, kisha mchungwa ukaanza kuonyesha kiu mapema kuliko jina "mfinyanzi" linavyoahidi. Programu itasema mti bado una akiba ya kutosha. Mkulima wa Muheza anaona majani yamejikunja. Mmoja wao anadanganya, na si mchungwa.

Hapo ndipo penye kile kitu kidogo nilichoahidi kukifikia. Hesabu ya kawaida ya maji ya shamba, ile ambayo shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliichapisha mwaka 1998 na ambayo dunia nzima inaitumia, haitaki mengi kutoka kwenye udongo. Inataka kujua udongo unabaki na maji kiasi gani siku mbili hivi baada ya kulowa na kuchujika. Unabaki na kiasi gani mmea unaponyauka usiamke tena. Na ni milimita ngapi za kwanza huondoka kabla uso haujajifunga. Namba tatu. Zilizobaki, jua, upepo, joto na mvua, zinatoka kituo cha hali ya hewa. FAO imeweka makadirio kwa kila aina ya udongo: kwa mchanga hizo za kwanza ni milimita 2 hadi 7, kwa mfinyanzi 8 hadi 12. Lakini yule mwekundu aliyejigandisha vipunje umweke kundi gani?

Tukipima udongo siku hizi tunapima chakula: naitrojeni, fosforasi, potasiamu, uchachu. Ni vizuri. Lakini nenda kamuulize mkulima yeyote aliyepelekewa majibu ya udongo wake kama kuna mstari unaosema udongo huo unashika milimita ngapi. Tunaandika bei ya chakula na kusahau ukubwa wa sufuria.

Kuna watakaosema setilaiti zitatusaidia. Setilaiti ya Marekani ya SMAP, iliyorushwa Januari 2015, na ya Ulaya ya SMOS, ya Novemba 2009, hupima unyevu wa udongo kutoka angani, na ni kazi ya ajabu. Ila zinaona sentimita 5 za juu, yaani mlango na si nyumba. Na kipande kimoja cha picha ya SMAP kina upana wa kama kilomita 36. Kipande hicho kikiangukia Tanga kinaweza kumeza jiji, ghuba na karibu njia yote ya Muheza, kikachanganya mchanga wa Shangazi, maji ya bahari na udongo mwekundu, kisha kutoa namba moja. Kwa kutazama ukame wa nchi nzima, sawa. Kwa kuamua kama leo umwagilie, hapana.

Ardhi yetu ina vituko vingine pia ambavyo mlinganyo wa Richards haukuviota. Mapango ya Amboni yapo kwa sababu maji yalipata nyufa kwenye mawe ya chokaa na kuzifuata. Shamba lililo juu ya mawe ya namna hiyo halivuji taratibu kama mtungi. Linaweza kuvuja kama mtungi uliopasuka. Halafu mkonge. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana na kutoa mvuke jua likiwaka. Mkonge hufungua usiku, ndiyo maana ulivumilia. Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, iliyofika hai ilikuwa 62 tu, na kutokana na hiyo, iliyopandwa Kikogwe karibu na Pangani, likazuka zao lililoujenga mji huu. Majedwali ya FAO yenyewe yanaupa mkonge mahitaji ya kama sehemu nne hadi saba kati ya kumi za yale ya nyasi zilizomwagiliwa vizuri. Anayetumia modeli ya mahindi kwenye shamba la mkonge anahesabu kiu ya mtu aliyelala.

Tuna bahati moja ambayo mikoa mingi haina. Mlingano, hukohuko Muheza, kipo kituo cha utafiti cha mkonge na udongo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo. Utaalamu wa kuchimba shimo, kutoa sampuli bila kuivuruga na kuipima upo ndani ya mkoa. Na mji una sababu ya ubinafsi kabisa ya kutaka namba hizo. Maji ya bomba ya Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, na Zigi hutoka milima ya Amani. Tangi letu halisi ni ule udongo mwekundu wa msituni unaomeza mvua ya masika na kuitoa taratibu wakati wa kiangazi. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani mkopo kutoka kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, jambo ambalo nililifurahia kama mwenyeji. Mabomba, pampu na mita vina bajeti. Ningependa kuona na mashimo ya udongo yana mstari wake, hata mwembamba.

Na ningependa utabiri wa mvua usomwe tofauti. Tumezoea kusikia chini ya wastani, wastani, juu ya wastani, na tunapanga mbegu kwa maneno hayo. Fikiria mwezi wenye milimita 60. Zikinyesha mara kumi na mbili, 5 kila mara, kwenye mchanga ulio wazi, jua la siku linalofuata kila mvua linaweza kuzirudisha karibu zote. Zikinyesha mara mbili, 30 na 30, sehemu kubwa inaingia ndani na mahindi yanapata cha kunywa. Jumla ni ileile hadi tone la mwisho. Kituo kitaandika 60 na 60, na mwenye shamba mmoja atavuna, mwingine atalaumu mbegu. Daftari la maji la kila siku, linaloandikwa kama daftari la mkopo la dukani, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, lingewatofautisha wawili hao kwa wiki ya pili tu.

Kupata namba za daftari hilo hakuhitaji maabara ya kifahari. Mkebe wa maziwa uliotobolewa chini, ukajazwa udongo wa shamba, ukaloweshwa hadi ujae, ukafunikwa kwa nailoni usipoteze mvuke, ukaachwa siku mbili uchuruzike, ukapimwa uzito. Kisha udongo huo ukakaushwa kwenye joto la nyuzi 105 kwa siku nzima na kupimwa tena. Tofauti ya uzito ikigawanywa kwa ujazo wa mkebe ndiyo namba ya kwanza, ingawa mkebe mfupi huzidisha kidogo, kwa sababu ileile ya kokoto. Ya pili wataalamu wa udongo walizoea kuipata kwa mche wa alizeti: unaacha kuumwagilia mpaka unyauke na asubuhi ukute haujaamka, unapima. Ya tatu ni ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa, imewekwa juani, inapimwa kila siku saa ileile. Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30 hupoteza gramu 70 kwa kila milimita moja inayovukizwa, na mizani nzuri ya duka inayoweza kubeba ndoo nzima huweza kuliona hilo. Shule ya sekondari ya kata yenye mwalimu wa fizikia anayependa kazi yake inaweza kuvipima vijiji vyake vyote kwa muhula mmoja.

Nilimpelekea Shangazi hesabu ya keni, nimeiandika kwenye karatasi, 24 upande huu na 11.7 upande huu. Aliisoma yote, akauliza kuhusu miche kabla sijafika huko, nikakubali kwamba kwa miche yeye ndiye yuko sahihi. Akauliza tena kama jua la karatasini ni jua la Mwambani. Nikamwambia ndiyo sababu ya ndoo ninayotaka kuiweka uani kwake. Akanipa matuta mawili ya mwisho, yaliyo karibu na choo, nifanye nitakavyo mpaka masika. Mengine sita, alisema, ni ya kwake na keni yake.